Mama Pimbi na Matairi Vipara

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na leseni za udereva na binadamu bado anatembea kwa miguu, kulikuwa na mashindano ya magari kila kiangazi kilipoingia. Sikilizeni vizuri, watoto, maana hawakugombea kikombe. Walishindania maji! Ukoo wa mshindi ulishika chemchemi mpaka mvua irudi, na mshindi ndiye aliyeamua nani anywe kwanza na nani anywe mwisho.

Mwaka mmoja alishinda Kifaru. Weee! Walikunywa vifaru, wakaoga vifaru, wakagaagaa vifaru. Wadogo walipofika walikuta tope. Mama Pimbi, mnyama wa miambani asiyemfika Kifaru hata gotini, aliwalea pacha wake kiangazi chote kwa kuwalambisha umande juu ya mawe.

Basi kiangazi kilichofuata akasema, "Mara hii nami naingia mashindanoni!"

Fundi wake, Mzee Kobe, akatoa kichwa nje ya gamba. "Unaingia na nini, mama?"

"Na gari letu."

Wakaligeukia gari lao. Lilikuwa dogo kama kikapu, na injini yake ililia pu-pu-pu kama uji unaochemka.

"Mama," akasema Mzee Kobe, "gari la Kifaru linanguruma ngruuum! La Nyati linanguruma ngraaam! Letu linakohoa. Tena kona za barabara inayozunguka Mwamba Mkuu zinakula matairi kama mchwa. Wenzetu matairi yakiisha, mafundi wao huyabadilisha kufumba na kufumbua. Mimi nikishika spana, tairi moja tu, jua limezama."

Mama Pimbi akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa kweli tupu!

"Basi hatusimami, mzee. Tutamaliza na matairi yale yale tuliyoanza nayo."

"Hapo itabidi uendeshe kwa adabu. Kona uiingie taratibu. Mafuta usiyakanyage kwa hasira. Tairi ni kama soli ya kiatu, ukiiburuza hovyo utarudi pekupeku."

"Nikiendesha kwa adabu, wao watakuwa wameshafika, wameoga, wamelala!"

"Ndiyo maana nasema tubaki nyumbani."

Mama Pimbi akawakumbuka pacha wake na ndimi zao kavu. Mara akaruka juu, puu! "Nimepata! Kama mimi nitaendesha kwa adabu, wao na waendeshe bila adabu!"

Akatoka mbio, tiki-tiki-tiki, mpaka nyumbani kwa Nyati. "Hodi, hodi!"

Nyati alikuwa barazani, anakunywa uji kwenye ndoo. "Karibu. Nani huyo? Sauti naisikia, mwenyewe simwoni."

"Niko huku chini, karibu na kwato zako. Shikamoo, Bwana Nyati."

"Marahaba."

"Nina swali dogo tu. Hivi, kati ya madereva wetu wote, nani anayeweza kuzunguka Kona ya Jabali, ile kali kuliko zote, bila kugusa breki?"

Nyati akatanua kifua. "Swali gani hilo? Ni mimi!"

"Ahsante, bwana."

Tiki-tiki-tiki, mpaka kwa Kifaru. Huyo alikuwa kitini, fundi wake Tumbili anamsugua pembe kwa mafuta ing'ae.

"Shikamoo, Bwana Kifaru. Hivi, nani anayeweza kuzunguka Kona ya Jabali bila kugusa breki? Maana nimemuuliza Nyati, kasema ni yeye."

"Yeye?" Kifaru akasimama ghafla, kiti kikavunjika, kraaa! "Yule mwenye pembe kama usukani wa baiskeli? Mwambie breki siigusi, kona hata moja!"

"Mzee," akasema Tumbili, "matairi yatakwi..."

"Nyamaza, Tumbili!"

Mama Pimbi akarudi kwa Nyati na jibu hilo, neno kwa neno. Lo! Ndoo ya uji iliruka ikampita Mama Pimbi kichwani. "Fundi!" akaunguruma Nyati. "Nifungie matairi laini, yale yanayong'ata barabara!" Kifaru alipopata habari hizo, naye akataka laini. Na matairi laini, watoto, yanakimbia kweli, ila huisha kama sabuni.

Mzee Kobe akafunga magumu. Alianza mapema, akamaliza asubuhi ya mashindano.

Msimamizi alikuwa Twiga. Akainua bendera juu kabisa, hata ndege wakaisoma. "Kaeni tayari... haya!"

Ngruuum! Ngraaam! Pu-pu-pu.

Kabla Mama Pimbi hajabadili gia, wale wawili wameshakuwa vumbi. Watazamaji wakacheka. "Mama Pimbi, teremka ulisukume!" Fisi akajiangusha chini kwa kicheko.

Mama Pimbi alisikia. Masikio yakamwaka moto, na mguu ukamwasha. Alitamani kukanyaga mafuta mpaka mwisho, angalau kona moja tu, wamwone! Lakini akaikumbuka soli ya kiatu. Akaingia kona taratibu, akatoka taratibu, huku anaimba ili asilie.

Huko mbele mambo yalikuwa moto! Kifaru aliingia kona bila breki, Nyati akaingia kona bila breki, skriiii! Harufu ya mpira ikajaa porini. Vipande vya tairi viliruka kama maganda ya karanga.

"Mzee!" Tumbili alipiga kelele kando ya barabara. "Matairi yanalika! Punguza mwendo!"

"Nyati hajapunguza!" akajibu Kifaru, akapita vuuu!

Mwishowe matairi ya Kifaru yakawa vipara, akasimama abadilishiwe. Nyati akampita anacheka, "Kwaheri, babu!" Kifaru akapandwa na hasira, akatoka na matairi mapya, akayamaliza yote akimfukuza Nyati. Nyati naye akasimama, akabadilisha, akayamaliza yote akimfukuza Kifaru. Mara ya pili hawakusimama. Kila mmoja alisema moyoni, "Asimame yeye kwanza!"

Ukabaki mzunguko wa mwisho. Wakafika Kona ya Jabali bega kwa bega, wote vipara kama mayai.

"Shika breki, Nyati!"

"Shika wewe!"

Hakushika mtu. Paa! Tairi la Kifaru. Paa! La Nyati. Paa! Paa! Magari yakateleza kama sahani kwenye mafuta, yakatoka barabarani, yakatumbukia kwenye dimbwi la matope: chubwiii!

Kisha kutoka mbali wakasikia: pu-pu-pu.

Mama Pimbi akaikaribia kona. Akagusa breki kidogo, akazunguka, akawapungia mkono. Watazamaji wakaruka juu kwa vifijo, na Mzee Kobe akaanza kucheza ngoma polepole hata waliosimama karibu naye wakadhani amesinzia. Mama Pimbi akapita mbele ya Twiga, wa kwanza! Machozi yakamtoka, na huku anacheka.

Mara Kifaru akaja anachechemea, matope mpaka puani. "Umetudanganya, wewe!"

"Nimedanganya nini, bwana? Nimeuliza swali, mkajibu. Majibu yenu nikayapeleka kama yalivyo."

Kifaru akamgeukia Nyati. "Wewe ndiwe uliyeanza kujibu!"

"Mimi? Wewe ndiwe uliyevunja kiti!"

Wakagombana mpaka jioni. Wakati huo chemchemi ilikuwa imefunguliwa, na Mama Pimbi amesimama mlangoni anaita, "Wadogo kwanza! Panya, pita. Chura, pita, lakini usiogee humu! Wakubwa wasubiri, maji yanawatosha." Pacha wake walikunywa mpaka matumbo yakalia ngoma, ndipo Kifaru na Nyati wakapewa zamu, na maji waliyoyakuta yalikuwa safi.

Haya watoto, lishikeni hili: anayekimbia kwa hasira humaliza matairi kabla ya safari.