Kiboko Aongeza Sauti ya Gari Lake

— Jamani, nina jambo!
— Lilete tulione!
— Lina miguu minne!
— Lipite!
— Lina na magurudumu manne!
— Hilo lisipite, lisimamishe hapa hapa!

Basi nalisimamisha.

Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, jamvi la Mama Kanga lilikuwa limejaa karanga. Saa tatu na robo lilikuwa tupu.

Aliyezila ni Kiboko. Hilo halina ubishi, maana Mama Kanga alikuwepo, tena alimkaribisha yeye mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mama Kanga alikuwa ameinama anapepeta. Akasikia nyuma yake: "Hodi!" Mdomo ukajibu kabla ya kichwa: "Karibu!" Akageuka. Kiboko alikuwa ameshasimama katikati ya jamvi, na gari lake limeegeshwa kando ya jiko.

"Umesema karibu," akasema Kiboko.

"Nimesema," akasema Mama Kanga.

"Asante."

Kafu, kafu, kafu. Zikaisha.

Jumanne akaenda kwa Kobe. "Hodi!" "Karibu!" Kafu, kafu, kafu. Zikaisha. Jumatano akaenda kwa Digidigi. "Hodi!" "Karibu!" Kafu, kafu, kafu. Zikaisha. Digidigi alieleza baadaye kwamba asubuhi ile alikuwa ameapa kutomjibu mtu hodi. Alijibu.

Zamani haikuwa hivyo. Kiboko alipokuwa anakwenda kwa miguu, ardhi ilisema: ndi! ndi! ndi! Watu wakaanua karanga, wakafunga milango. Alipopata gari la dizeli, gari lilisema: kororo-kororo-pwaa! Watu wakaanua, wakafunga. Sasa amenunua gari la umeme, na gari la umeme halisemi kitu. Kiwandani walilitia kifaa cha kuvuma kama nyuki linapokwenda polepole, ili wapita njia wajihadhari. Kiboko alikata waya wa kifaa hicho siku ileile aliyolileta nyumbani.

Jumatano alasiri majirani wakakutana kwa Mama Kanga. Alikuwa amebakiwa na madebe mawili ya karanga, na hayo yalikuwa ya mbegu. Yalikuwa na unyevu bado. Zikikaa ndani, zitaota ukungu. Zikianikwa nje siku tatu, zitaliwa. Na mvua ilitarajiwa wiki inayofuata. Bila mbegu, hakuna shamba.

"Tumpige," akasema Digidigi.

Wakamtazama Digidigi kuanzia kwato hadi pembe. Haikuwachukua muda.

"Nimetaja tu," akasema Digidigi.

"Tumwombe aunge ule waya," akasema Kobe. "Gari livume, tusikie."

"Mwombe wewe," akasema Mama Kanga.

Kobe akaingiza kichwa ndani.

Kando ya mlango alikaa Pimbi. Pimbi ni fundi wa redio. Urefu wake ni wa sufuria, mkia hana, na kibanda chake kiko chini ya jiwe, karibu na daraja. Alikuwa anamenya karanga moja aliyopewa na Mama Kanga.

"Tusimwombe," akasema. "Atatuomba yeye."

"Atuombe nini?"

"Kelele," akasema Pimbi, akaitia karanga mdomoni.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, Kiboko akafika darajani. Pimbi alikuwa amesimama katikati ya barabara.

"Shikamoo, bosi!"

"Marahaba. Toka hapo, nitakukanyaga na nisijue."

"Natoka, bosi. Nilitaka kujua tu, hilo gari lina redio?"

"Lina redio! Sikiliza."

Tsi-tsi-tsi, ikasema redio.

Pimbi akatega sikio moja. Akatega la pili. Akatikisa kichwa.

"Nini?" akauliza Kiboko.

"Hapana, bosi. Ni nzuri. Ni ya kiwandani."

"Ya kiwandani ina ubaya gani?"

"Haina ubaya. Kiwandani wanampimia mtu wa kawaida. Masikio ya kawaida, mwili wa kawaida. Bosi, wewe ni mtu wa kawaida?"

"Mimi?"

"Nauliza tu."

"MIMI?"

"Ndiyo maana nimeuliza. Juzi umepita kwa Kobe. Nikamuuliza, nani kapita? Akasema hakusikia mtu. Jana umepita kwa Digidigi. Nikamuuliza, nani kapita? Akasema hakusikia mtu. Bosi, mtu mzima, tani mbili, anapita mtaani hasikiki! Hata nzi akipita anasikika."

Kiboko akazima redio.

"Spika kubwa unazo?" akauliza.

"Ninazo."

"Kubwa kiasi gani?"

"Wanangu wanne wanalala ndani ya kasha la moja."

"Na wewe unataka nini?"

"Zile ndogo za kiwandani nitakazozitoa. Basi."

Kiboko akaona amempunja fundi. Akacheka mpaka gari likabonyea.

Kazi ilianza saa tatu. Pimbi akabandua milango kwa ndani, akatoa spika nne za kiwandani, akazitia kikapuni. Akafunga sita kubwa. Akaweka sabufa kwenye buti na amplifaya ya kukuza sauti chini ya kiti. Nyaya za rangi ya chungwa hakuzigusa. Hizo ni za betri kubwa, ndizo zinazoendesha gari, na zinaua fundi. Amplifaya aliiunga kwenye betri ndogo, ile ya taa na redio.

"Bosi, hii ndogo ikiisha, gari haliwaki, hata kama kubwa imejaa. Usipige muziki gari likiwa limezimwa."

"Nimesikia," akasema Kiboko. Alikuwa anajitazama kwenye kioo.

Wakajaribu.

Du, ikasema sabufa.

"Ongeza!" akasema Kiboko.

Du-du.

"Ongeza!"

DU-DU-DU! Tumbili wawili wakaanguka kutoka mtini.

"Vizuri," akasema Kiboko. "Lakini humu ndani nasikia mimi. Na walio nje?"

"Nje?" akauliza Pimbi. "Nje sikufikiria."

"Ndiyo maana wewe ni fundi na mimi ni bosi. Weka na nje!"

Pimbi akafunga spika mbili za matangazo nyuma ya bampa la mbele. Halafu akaokota ncha ya waya uliokuwa unaning'inia.

"Huu umekatwa na panya?"

"Nimekata mwenyewe. Ulikuwa unavuma mmm, mmm, kama mgonjwa."

"Nikiuunga huu kwenye redio, gari likianza kwenda tu, wimbo unaanza wenyewe. Wimbo wako, bosi. Una jina lako."

Hakuna aliyewahi kumtungia Kiboko wimbo.

"Jina langu litatajwa mara ngapi?"

"Unataka mara ngapi?"

"Usiache nafasi," akasema Kiboko.

Mchana ule Pimbi akawapanga ndugu zake juu ya jiwe. Pimbi ni wadogo, lakini akiita mmoja anasikika bonde zima, na hapo walikuwa ishirini. Wakaimba, akarekodi:

*Huyo, huyo, huyo Kiboko!*
*Anakuja, anakuja Kiboko!*
*Nani huyo? Kiboko!*
*Yuko njiani, Kiboko!*

Kiboko aliusikiliza mara tisa. Mara ya tisa alifuta macho.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Mama Kanga akaanika madebe yake mawili. Kilomita mbili kutoka hapo, Kiboko akaondoa gari. DU-DU-DU! *Huyo, huyo, huyo Kiboko!*

"Anueni!" akaita Mama Kanga.

Digidigi akashika pembe moja ya jamvi. Kobe akashika ya pili. Alikuwa amefika tangu jana yake, kwa kuwa anajijua. Karanga zikaingia ndani. Mlango ukafungwa. Wakanywa uji. Wakaosha vikombe. Ndipo Kiboko akafika.

"Hodi!"

"Karibuuu!" wakajibu wote.

Uwanja ulikuwa mtupu, umefagiliwa. Kiboko akafungua mdomo aulize. Redio ikamtangulia: *Nani huyo?*

"Kiboko!" wakaitikia majirani, wakapiga makofi.

*Anakuja, anakuja!*

"Kiboko!"

Kiboko akasahau alichokuja kufanya. Akashuka, akacheza, ndi, ndi, ndi. Mama Kanga akampigia vigelegele. Digidigi akacheza mbele yake kwa hatua tatu, akarudi nyuma kwa sita. Kiboko akapunga mkono, akaondoka na wimbo wake. Wimbo ulipofika darajani, karanga zilikuwa zimesharudi juani.

Jumamosi ikawa hivyo hivyo. DU-DU-DU! Anueni! Uji, vikombe. "Hodi!" "Karibuuu!" Makofi, vigelegele, kwaheri.

Lakini wakati wa kurudi tumbo la Kiboko likasema: kruuu. Akasimama kwenye kibanda cha Pimbi.

"Fundi, tangu uniwekee muziki sijaonja karanga."

Pimbi alikuwa na bisibisi mkononi. Hakuiweka chini.

"Nikifika, uwanja mweupe," akasema Kiboko. "Nikiwa kimya, nilikula. Nikiimbwa, sili. Nimeanza kufikiri."

"Wanakufagilia, bosi! Mtu anayeimbwa apite kwenye maganda?"

"Nina njaa."

"Basi hakuna tatizo. Nazitoa." Pimbi akafungua mlango wa gari. "Narudisha zile za kiwandani, tsi-tsi-tsi. Utapita kimya, kama zamani. Jina lako nalifuta, naweka la Nyati. Alikuja jana kuuliza kama wimbo unauzwa."

Kiboko akaitazama bisibisi. Akalitazama tumbo lake. Pimbi hakupumua.

"Nyati?" akasema Kiboko.

"Nyati."

"Hilo bichwa?"

"Hilo hilo, bosi."

Tumbo likasema: kruuu.

"Ongeza!" akasema Kiboko.

Pimbi akaongeza spika mbili nyingine za nje, akapumua.

Jumapili ilikuwa siku ya mwisho ya jua iliyohitajika. DU-DU-DU! Safari hii wimbo ulisikika kabla Kiboko hajatoka kwenye geti lake. Karanga zikaingia ndani. Kiboko akafika, akaimbwa, akacheza. Lakini hakuondoka. Akazima gari, akaacha redio inaimba, akaketi mlangoni.

"Leo sina haraka," akasema. "Imbeni."

Wakaimba. Saa nne ikapita. Saa tano ikapita. Jua lilikuwa uwanjani na karanga zilikuwa ndani. Mama Kanga akamnong'oneza Pimbi, aliyekuwa amekuja na kikapu chake, "Fundi, zitaoza."

"Cheza, dada yangu," akasema Pimbi. "Cheza na mwombe aongeze."

"Bosi!" akaita Mama Kanga. "Hatusikii vizuri!"

"Hamsikii?"

"Labda masikio yetu ni ya kawaida!"

Kiboko akazungusha sauti mpaka mwisho. Vikombe vikaanguka rafuni. Kobe alisogea hatua mbili bila kutembea.

*Nani huyo?*

"Kiboko!"

*Nani hu—*

Krrr. Pu.

Kimya. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Kiboko akabonyeza kitufe. Akabonyeza tena. Taa haikuwaka.

"Betri ndogo imekwisha," akasema Pimbi. "Nilikuambia."

"Kubwa imejaa!"

"Imejaa. Ndogo ndiyo inayoiamsha. Tutaagiza nyingine mjini. Kwa leo tutakusukuma mpaka nyumbani. Tupo wengi."

"Bila muziki?"

"Bila muziki, bosi."

"Mimi nisukumwe kimya kimya, na watu wanatazama?"

Akashuka. Akaondoka kwa miguu. Ndi! ndi! ndi! Majirani walisimama wakimsikiliza mpaka akafika darajani, mpaka akapita daraja, mpaka akaingia bwawani: chubwi!

Wakatoa karanga. Kobe ndiye aliyeshika bati la gari, akaondoa mkono haraka.

"Linachoma," akasema.

Wakatandika jamvi juu ya paa na jingine juu ya boneti. Kazi ya siku nzima ikaisha saa kumi alasiri. Mama Kanga akaitikisa karanga moja sikioni. Ikasema: chacha. Imekauka. Akaruka juu, na kanga haruki juu ovyo.

Pimbi akatoa kikapu chake. Spika nne za kiwandani akaziunga kwenye sola ndogo aliyoibeba Kobe mgongoni. Tsi-tsi-tsi. Zilitosha. Kila mtu alisikia mwenzake akicheka. Mvua ilinyesha Jumanne, na mbegu zilikuwa shambani.

Kuhusu Kiboko, anakaa majini mpaka masikioni. Kila baada ya muda anayatikisa masikio yale. Wengine wanasema anafukuza nzi. Pimbi anasema anatafuta stesheni.

Funzo la hadithi hii, watoto, ni kwamba kelele ni tabia mbaya. Ukipita kwenye makazi ya watu, punguza muziki. Kiboko angeridhika na redio ya kiwandani, angekuwa anakula karanga za watu kwa amani na utulivu mpaka leo.

— Jamani, jambo langu nalishusha!
— Lishushe taratibu!
— Miguu minne?
— Imeingia bwawani!
— Magurudumu manne?
— Ehe, yako wapi?

Yako uwanjani kwa Mama Kanga. Mwenyewe hajayafuata. Baada ya mavuno, Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, paa la gari lilikuwa limejaa karanga mpya. Saa tatu na robo zilikuwa bado zipo.