Ua Lililoanguka Mihrabuni

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji wa Mwambaji, enzi zile nyumba zikijengwa kwa matumbawe na ahadi ya mdomo ikitosha, aliishi fundi wa nakshi aitwaye Shekuwe. Mkono wake, subhanallah! Akichonga jani ukutani, mbuzi wangesimama kulinusa. Na hilo alilijua mwenyewe kuliko mbuzi wote.

Ikawa mihrabu ya msikiti wa Ijumaa imechakaa kwa umri. Mjane mmoja mchamungu, Mwana Jahi, mwenye tanuri la kuchomea chokaa, akajitolea chokaa, kuni na chakula cha mafundi. Lakini alikuwa na sharti. Mji ule ulikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, iliyotambiana kila Maulidi hata matari yakapasuka. Mwana Jahi akataka nakshi itoke Juu, kwa Shekuwe, lipu itoke Chini, na mafundi wote wawili wale sinia moja kila adhuhuri.

Fundi lipu wa Chini alikuwa Mbarawa, mtu ambaye Shekuwe alikuwa hamwamkii njiani.

"Mwana, nipe punda nifanye naye kazi," Shekuwe akasema. "Si Mbarawa."

"Punda yuko kazini, baba," Mwana Jahi akamjibu. "Aliyebaki ni Mbarawa."

Shekuwe akameza mate akakubali, kwa sababu wazee walikuwa wameahidi: mihrabu ikikamilika kabla ya Maulidi, jina la mchongaji litaandikwa juu ya tao. Jina lile alikuwa akiliota hata mchana.

Sasa, nakshi ya lipu huchongwa ingali mbichi. Mpakaji hupaka kile tu ambacho mwenzake atakimaliza kabla hakijakauka. Na chokaa yenyewe hulazwa shimoni miezi na miezi chini ya mikeka iliyoloweshwa, mpaka kila punje itulie. Hapo ndipo mbio za Shekuwe zilipogonga ukuta.

"Paka basi! Unangoja Kiyama?"

"Kiyama kikija kitanikuta na mwiko mkononi," Mbarawa akasema bila kugeuka. "Wewe kitakukuta na mdomo."

Kwenye sinia walianza kwa kuchimba wali kila mtu upande wake, katikati kukabaki boma. Siku moja Mbarawa akalivunja boma lile, akamsogezea mwenzake mnofu wa samaki.

"Kula. Mkono unakutetemeka, utaniharibia ua langu."

"Ua lako?"

"Lipu ya nani?"

Shekuwe akacheka, na kucheka hakukuwa katika mpango wake. Tangu siku ile wakawa wakitukanana kwa raha, na kazi ikapanda ukutani kama mmea uliopata mvua.

Kisha Mbarawa akafiwa na mama mkwe wake ng'ambo, akaenda kuzika. Maulidi yalikuwa yakikaribia, na lililobaki lilikuwa ua la kileleni tu. Chokaa iliyoiva ilikwisha. Shimo la pili lilikuwepo, lakini Mwana Jahi alikuwa amesema, "Hilo changa, baba. Msiliguse." Shekuwe akalizunguka shimo lile kama paka anavyouzunguka mtungi wa maziwa. Mwishowe akafunua mkeka, akachanganya, akapaka mwenyewe, akachonga. Likatoka ua ambalo hajapata kuchonga mfano wake maishani.

Ijumaa mji mzima ukaja kusali, na Mbarawa akaingia moja kwa moja kutoka safarini. Katika rakaa ya pili, imamu yuko sijidani, zile punje changa zikavimba ndani ya lipu, ua likapasuka likamwangukia mgongoni. Imamu huyo, Sheikh Muhyiddini, Mola amridhie, hakukatiza sala. Alitoa salamu ndevu zake zikiwa nyeupe kupita umri wake.

Msikiti ukawaka. "Tulisema!" akapiga kelele mzee mmoja wa Juu. "Chokaa ya Chini ni kama watu wake!" Watu wa Chini wakainuka kutafuta viatu, wakiapa kwamba Ijumaa ijayo watasali kwao.

"Lipu hii ni ya nani?" Sheikh akauliza.

Mbarawa akaokota kipande, akakifikicha vidoleni. Akamtazama Shekuwe, kisha akawageukia watu.

"Lipu ni amana yangu. Nilaumuni mimi, watu wa mtaa wangu waacheni."

 Kilichotakiwa kwa Shekuwe ni kunyamaza tu. Mbarawa ataondolewa, ua litachongwa upya, na jina litapanda. Na wewe unayesoma usijitie utakatifu; wengi wetu tungekohoa kidogo tukatazama dari. Lakini akaona mtaa mzima unatoka nje kwa ajili ya jina lake. Akasimama.

"Mwongo huyo!" akasema. "Hakuwepo, alikuwa msibani. Shimo changa nimelifunua mimi, nikapaka mimi, kwa pupa ya jina. Na Mwana Jahi alinikataza."

Waliokuwa mlangoni wakasimama, viatu mkononi.

"Kwa nini umenisitiri?" Shekuwe akamuuliza Mbarawa.

"Ungefukuzwa ningekula na nani? Wa mtaani kwangu hawajui kunitukana vizuri."

Sheikh akajifuta ndevu ili asionekane anacheka. Wazee wakaifuta ahadi ya jina, na Shekuwe hakubisha. Maulidi ya mwaka ule yakasomwa mihrabu ikiwa na shimo. Wageni wa miji mingine wakanong'ona, na mitaa miwili ikaivumilia aibu ile pamoja, ikapiga matari pamoja. Chokaa ilipoiva kweli, Mbarawa akapaka, Shekuwe akachonga. Husemwa ua la pili lilikuwa dogo kuliko la kwanza, lakini lilikaa.

Miaka ikapita. Ukiuliza mtaa wa Juu mihrabu ile ni kazi ya nani, hukwambia ni ya Mbarawa. Ukiuliza Chini, hukwambia ni ya Shekuwe.

Ee, watu wale! Sisi leo tunaanza na kibao cha majina ya waliochangia, ndipo tunakwenda kutafuta mchanga. Wao walijenga kwanza, majina wakamwachia Yule asiyesahau. Mola atujaalie sehemu ya ukweli wao, na kama ukweli wote ni mzito kwetu, basi angalau ule wa kutosha kumzuia ndugu asitoke nje na viatu vyake mkononi.