Kopo la Paka wa Bwana Hemedi

Vibanda vyote vya soko la Pangani vilikuwa mali ya Bwana Hemedi, na kila asubuhi alimdai Tatu, muuza dagaa, kopo moja la bure.

“Ni la paka wangu,” alisema. “Daktari wa mifugo ameagiza chakula kikavu chenye afya. Nichagulie wakubwa, wasio na mchanga. Hutaki, hama kibanda.”

Tatu hakuwa na pengine pa kuuzia. Alichagua, huku akimtazama paka aliyekonda mbavu nje, na Bwana Hemedi aliyeota kitambi.

Jumatatu moja alimpa kopo bila kuombwa. “Leo nimewaosha chumvi yote, bwana. Chumvi haimfai paka.”

Kesho yake Bwana Hemedi alimkuta kati ya wanywa kahawa.

“Dagaa wa jana mbona chapwa?”

“Paka kalalamika?”

“Kala kwa shida, lakini kamaliza.”

“Afadhali. Nilitia na dawa ya minyoo. Paka haimdhuru. Mtu ndiye akiionja huvimba ulimi, kisha akanyamaza moja kwa moja.”

Bwana Hemedi akaushika ulimi wake kwa vidole viwili. “Maji! Mwanamke we, umeniua!”

“Nimekuua wewe?” Tatu aliuliza taratibu. “Kwani kopo lilikuwa la nani?”

Wanywa kahawa walicheka hadi vikombe vikamwagika. Tatu akamletea maji.

“Kunywa, bwana. Koponi hamkuwa na dawa yoyote.”

Habari ya kuhama kibanda haikusikika tena. Na tangu siku hiyo, paka alikuja kula dagaa wake mwenyewe.