Dirisha la Matangazo

Chakula huchacha, nguo huliwa na mende, hata chuma hushikwa na kutu. Lakini wahenga walituambia kuna kitu kimoja ambacho mtu anaweza kukiacha nje, kikanyeshewa na kupigwa jua, na siku akikirudia akakikuta kizima. Kitu hicho ni wema. Binti wa dirishani hakuyajua hayo kwa kusoma kitabuni.

Dirisha lenyewe lilikuwa la chumba cha nyuma cha duka la fundi viatu. Humo ndimo lilimotengenezwa gazeti la mji, liitwalo Jirani, kurasa nne, kila baada ya wiki mbili. Wote waliolitengeneza walijitolea. Mhariri alikuwa mwalimu mstaafu aliyefunga mkono wa miwani yake kwa uzi mweusi. Kinyozi aliandika habari za mpira na kuendesha mashine ya kurudufu, mashine kongwe waliyoiita Bibi Kikohozi kwa kuwa ilikohoa mara tatu kabla ya kutoa karatasi. Naye binti, mama wa mtoto wa miaka sita, alikuja kila alasiri kabla ya masomo yake ya jioni, akaketi dirishani kupokea matangazo ya watu: mbuzi aliyepotea, cherehani inayouzwa, ndugu asiyejulikana aliko.

Kazi ya dirishani ilikuwa na sheria tatu, zimeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Andika kama ulivyoambiwa. Msomee mwenye tangazo kabla hajaondoka. Ya tatu: anayejitolea hajitangazi.

"Tukianza kujitangaza sisi," mhariri alizoea kusema, "majirani watatafuta nafasi kwa tochi wasiione."

Sheria hiyo ya tatu ilimkaa binti kooni kama mwiba wa samaki, maana naye alikuwa na wake wa kutafuta. Wazazi wao walipofariki, dada yake mkubwa ndiye aliyemlea. Alimfulia, alimpigia pasi sare za shule, hata siku moja pasi ya mkaa ikamwachia dada kovu mkono wa kushoto. Binti alipopata mimba akiwa bado shuleni, dada alilia, kisha akafoka. Binti akasimama mlangoni, akamjibu, "Usinifokee. Wewe si mama yangu."

Asubuhi yake kitanda cha dada kilikuwa kimetandikwa vizuri, na mwenyewe hayupo. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Kila binti alipopiga pasi, harufu ya nguo moto ilimletea dada hadi mlangoni, kisha ikaondoka naye.

Alasiri moja alifika dirishani bibi mmoja mfua nguo, vidole vimekunjamana kwa maji.

"Mjukuu wangu, namtafuta kaka yangu. Mchimba visima. Ila ana maneno mengi."

"Sema tu, bibi. Naandika."

Bibi akasema kwelikweli. Alieleza jinsi kaka yake anavyopiga mluzi akishuka kisimani, ili walio juu wajue bado yu hai. Alieleza jinsi alivyoaga kwamba anakwenda kuchimba kisima kimoja tu, miaka kumi na tisa iliyopita. Kinyozi akachungulia begani kwa binti.

"Hilo si tangazo, ni hotuba. Tangazo ni maneno ishirini."

"Kwani kaka yangu ni maneno ishirini?" bibi akamuuliza. Kinyozi akarudi kwa Bibi Kikohozi.

Binti alipomsomea, sauti ilimkatika pale penye mluzi. Bibi akamtazama kupitia nondo za dirisha.

"Na wewe unamtafuta nani?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Binti akamweleza yote, la kovu na la mlangoni. Kisha akajikaza kisabuni, akachukua karatasi ya bibi akaipeleka kwa mhariri.

Shida ikawa nafasi. Toleo lile halikuwa la kawaida. Timu ya mji ilikuwa inakwenda kwenye mashindano katika miji ya mbali, na mashabiki wangeondoka na mafurushi ya gazeti. Kurasa zote zilikuwa zimejaa, isipokuwa kipande kilichotengwa kwa makala ya binti, yake ya kwanza, kuhusu akina mama wanaosoma jioni. Mwaka mzima alikuwa ameiombea nafasi ile. Na moyoni alificha jambo: makala si tangazo, hakuna sheria inayoikataza. Jina lake lingesafiri na timu, na huenda, katika mji mmoja kati ya ile, lingekutana na macho ya dada.

Aliitazama karatasi ya bibi, akaitazama makala yake.

"Toa yangu, mwalimu," alisema mwishowe. "Weka mchimba visima."

"Toleo kama hili halirudi kesho, binti."

"Najua. Na bibi naye hana kesho nyingi."

Mhariri akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Bibi Kikohozi akakohoa mara tatu.

Mwezi haukwisha, alasiri moja ukasikika mluzi barabarani, mrefu, kama wa mtu anayeshuka pahali penye giza. Binti aliinua kichwa. Bibi mfua nguo alikuwa anakuja amemshika mkono mzee mwembamba, magoti yake magumu kama milango iliyovimba kwa mvua. Kaka huyo alikuwa amelisoma gazeti huko mbali, kibandani kwa muuza chai, siku ya fainali.

"Nina tangazo jingine," bibi akasema.

"Amepotea nani tena?"

"Andika. Anatafutwa dada mkubwa wa binti wa dirishani."

Kalamu ya binti ikasimama. "Bibi, hilo siwezi. Sisi haturuhusiwi."

"Wewe huruhusiwi. Mimi naruhusiwa. Au nguo nilizofua mji huu mzima hazinifanyi jirani?" Akaegemea nondo. "Na nafasi usiniambie hakuna. Kinyozi amenieleza ilipotoka ile ya kaka yangu. Yule akimnyoa mtu kichwa, masikio humjazia habari."

Binti akageuka kwa mhariri. Mhariri hakuinua uso. "Sheria ya kwanza inasemaje?"

"Andika kama ulivyoambiwa."

"Basi mbona mteja anasubiri?"

Binti akaandika, herufi zikicheza machoni pake. Anatafutwa dada mkubwa wa binti wa dirishani. Ana kovu la pasi mkono wa kushoto. Mdogo wake anasema lile neno la mlangoni lilikuwa la uongo. Alipomaliza, ilimbidi asome kwa sauti. Alisoma mara mbili, maana mara ya kwanza hakusikika.

Tangazo likatoka. Wiki mbili zikapita, zikapita nyingine. Simu ya ofisi, iliyofungwa kwa mpira isiachane, ilipoita, moyo wa binti ulimtangulia kuipokea. Mara ni mwenye mbuzi, mara ni mwenye cherehani. Toleo la tatu na la nne likaja na kwenda. Akaanza kujifundisha kutotazama simu, kama mtu anayejizuia kukuna kidonda.

Alasiri ya mvua simu ikaita.

"Hapo ndipo Jirani? Nataka kutoa tangazo."

"Taja, naandika," alisema binti, na kalamu ikamtoka mkononi. Akaiokota. Sauti ile ilikuwa imemwamsha kwenda shule miaka minane.

"Nimenunua sabuni," sauti ikaendelea taratibu, "wakanifungia kwa gazeti lenu. La zamani kidogo, limelowa. Andika: Anayetafutwa amejiona. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaona haya kurudi bila kuitwa."

Binti akaandika.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Hujanisomea. Gazeti lenu linasema mnasoma."

Binti akamsomea, neno kwa neno. Upande wa pili mtu alikuwa analia huku akicheka, na binti alijua, bila kuona, kwamba ameziba mdomo kwa mkono wenye kovu.

"Na mtoto," dada akauliza. "Anaitwa nani?"

"Anaitwa kama wewe, dada."

Dada akalitamka jina lake mwenyewe, polepole. Kisha dada akasema, "Ongeza kwenye tangazo. Atafika Jumamosi."

Mhariri alitandaza ukurasa wa tatu mezani, akapima kwa rula kipande kilekile binti alichokitoa kwa ajili ya mchimba visima, akakiacha wazi. Hapo ndipo binti alipobandika tangazo la dada yake, kwa mkono wake mwenyewe, akijua sasa kwamba wahenga hawakukosea: wema hauozi.