Mchome na Dumu la Njano

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa tena, na aliye nyuma asikie!
Pakawa, hata wa nyuma tumesikia!

Hapo kale palikuwa na kijiji kando ya korongo. Chupa ikiisha mafuta, korongoni. Ndoo ikipasuka, korongoni. Mfuko ukitoboka, korongoni.

Mchome alikuwa amefiwa na mkewe. Vitu vya marehemu hugawiwa ndugu siku ya kuondoa matanga. Lakini dumu la njano alilochotea mkewe maji, Mchome hakuweza kulitazama. Siku ya tatu ya msiba, kabla vitu havijagawiwa, akalitupa korongoni, kimyakimya.

Jioni ile korongo likakohoa.

Basi, likatoka zimwi: mbavu za ndoo, ngozi ya mifuko, na kooni dumu la njano. "Nilisheni," likasema.

Watu wakalitupia chupa. Likakua. Wakalitupia makopo. Likakua. Wakalitupia viti vibovu. Likakua, likafika kisimani, likammeza Nakijwa, binti pekee wa Mchome.

"Baba," sauti ikatoka tumboni, "huku hakuna hewa."

Namsifu, dada wa marehemu, akasema, "Acheni kulilisha. Halina nyama hilo, ni vyetu tu. Kila mtu atwae chake, akipe kazi."

"Anza wewe, mjuaji," watu wakamwambia.

Namsifu akang'oa ndoo yake. "Nitaoteshea vitunguu." Zimwi likapungua.

Mwingine akachuna mifuko. "Nitasuka mkeka." Likapungua.

Mwingine akakusanya chupa. "Muuza mafuta atazijaza tena." Likapungua.

Likabaki koo, na Nakijwa ndani yake. Wakalivuta dumu wote. Halikutoka.

"Lako hilo, shemeji," Namsifu akasema. "Siku ya kuondoa matanga nililitafuta, sikuliona."

"Siliwezi," Mchome akajibu.

"Baba." Sauti sasa ilikuwa ndogo.

Mchome akalishika. Kishikio kilikuwa kimelika pale vidole vya mkewe vilipozoea kukaa.

"Hili ni la mke wangu," akasema. "Litachota maji."

Akavuta. Zimwi likaporomoka, na Nakijwa akatoka akihema.

Asubuhi Mchome akaenda kisimani, akalijaza dumu, akajitwisha. Miaka yote ile hakuwahi kujua lina uzito gani.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye njia ya kisimani. Ulichokitupa bado ni chako. Kipe kazi kabla hakijakurudia na njaa.