Bi Sikujua na Kata Ishirini za Jumbe

Paukwa.

Pakawa.

Nipeni masikio, niwape Bi Sikujua.

Hapo zamani za kale, joto liliwaangusha wachunga mbuzi wawili kwa kiu. Jumbe akatoa amri: kila mtu anywe kata ishirini za maji kwa siku, awe na kiu, asiwe na kiu. Akateuliwa mnyapara wa kuisimamia, Mbaruku. Mnyapara akapewa msaidizi. Msaidizi akapewa kigoda.

Mbaruku alikuwa mtiifu kupita kiasi. Alizimaliza ishirini kabla jua halijapanda. Gugu, gugu, gugu. Watu wakamtazama, akaongeza kumi. Gugu, gugu, gugu. Kichwa kikamgonga, akatapika, akaanza kumwita mkewe shemeji.

Mkewe, Kibibi, akamkimbilia Bi Sikujua, mkunga aliyezalisha nusu ya kijiji, Jumbe akiwamo. Walimkuta msaidizi akimshindilia mgonjwa kata nyingine.

"Weka chini."

"Bibi, amri inasema maji."

"Amri haijatapika. Aliyetapika ni huyu. Weka chini."

Bi Sikujua alishawahi kumzika mmoja wa namna hii. Hakutaka kumzika wa pili. Akachinjisha mbuzi, akapika mchuzi mzito wenye chumvi ya kutosha.

Jumbe akaja na bakora yake. "Bibi, unamnyima mtu maji katika kijiji changu?"

Bi Sikujua akamwonyesha kiganjani figo mbili za yule mbuzi. "Mwanangu, hawa ndio mabawabu. Maji yakipungua mwilini, wanafunga mlango. Mkojo unatoka haba, umekoza kama maji ya ukwaju. Yakizidi, wanafungua, unatoka mweupe. Ila wana mwendo wao. Ukiwamwagia mtungi mzima kwa mara moja, wanazidiwa, chumvi ya damu inazimuliwa, na ubongo unavimba."

"Na mabawabu hao aliwateua nani?"

"Niliwakuta wako kazini. Siku nilipokupokea, kabla hujalia, ulinikojolea mkononi."

Jumbe akakaa.

Bi Sikujua akamlisha Mbaruku mchuzi, wakasubiri mkojo. Kijiko cha kwanza, kimya. Kijiko cha pili, kimya. Jua likapinda. Ndipo Mbaruku akainuka, akajikokota hadi nyuma ya banda.

Chwaaaa. Chwaaaa.

Akarudi, akauliza, "Kibibi, mbona watu wengi hivi?" Kibibi aliposikia jina lake akaangua kilio.

Jumbe akatoa amri mpya: mwenye kiu anywe. Bi Sikujua akaisikiliza mbiu hadi mwisho. "Hii," akasema, "figo wataitii."

Hadi leo wakunga wa kijiji kile wakifika kwa mgonjwa huuliza kwanza amekojoaje, ndipo waulize jina.

Basi, wasikilizaji, anayetaka kuuamuru mwili na aanze kwa kuusikiliza. Hadithi yangu inakomea hapa, nami naenda kunywa maji, kwa kuwa nina kiu.