Kidonge cha Kutus

Aibu ni vazi jema mbele za watu, lakini mgonjwa akikataa kulivua mbele ya daktari, huenda likamgeukia sanda. Kahiga wa Gatitu nusura ayaone hayo mwaka wa 1999.

Kahiga alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kahawa, mzee wa kanisa aliyeheshimika, na mgonjwa wa moyo na kisukari. Kwa miaka miwili alikuwa na uchovu usioondoka kwa usingizi. Nguvu zake za kiume zilikuwa zimemtoroka. Jioni alichelewa kiwandani kwa makusudi, akarudi akijifanya hoi na kumgeuzia mkewe Wachuka mgongo. Mkewe aliuliza, akauliza tena, hatimaye akaacha. Nyumba ikapoa kama asubuhi ya Julai.

Katika kliniki mjini Nyeri, Daktari Ntinyari, aliyekuwa rika la kifungua mimba wake Ngatia, hakukosa kumwuliza, "Kuna lingine linakusumbua, mzee?"

"Hakuna, daktari," Kahiga alijibu akitazama viatu vyake. Angeanzaje kumweleza mtoto wa kike jambo kama hilo? Alijikaza kisabuni, akaenda zake.

Siku moja alikwenda mjini Kutus, kama kawaida yake, kununua vipuri vya mashine kwa Jamleck, mtu ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Jamleck alikuwa akijisifia kidonge kipya kutoka ng'ambo, ati kinamrudishia mzee ujana. Kahiga akaomba auziwe kimoja, akidai ni cha rafiki yake.

"Mwambie huyo rafiki yako ameze moja tu," Jamleck alisema akicheka. "Hii dawa haina shida, bwana. Hata mimi niko nayo."

Hakuuliza kama huyo rafiki alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kahiga naye hakusema.

Jumapili, baada ya ibada, watoto walikwenda kumwona shangazi yao Murang'a. Kahiga alikimeza kidonge kwa maji baridi, akaketi kungoja. Kabla hajapata ujasiri wa kumwita mkewe, kifua kilimbana kama kilichotiwa kwenye jiliwa la kubania vyuma. Wachuka alimkuta ameegemea mlango, jasho likimtiririka. Jirani aliwapakia katika pikapu yake hadi hospitalini.

Daktari Ntinyari ndiye aliyekuwa zamu. Alimpima haraka, kisha akatoa kidonge kidogo cha kuwekwa chini ya ulimi.

"Umemeza dawa nyingine yoyote leo?"

Kahiga alitikisa kichwa kukana. Wachuka alikuwa amesimama kando yake, ameushika mkono wake kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Nauliza kwa sababu kuna dawa mpya ya nguvu za kiume," daktari alisema, kidonge kikiwa karibu na midomo ya mgonjwa. "Ikikutana na hii, presha huanguka. Mtu anaweza kufa."

Kahiga alifunga meno. Alimtazama binti yule, akamtazama mkewe. Alikuwa amechoka kuficha, amechoka kuliko alivyowahi kuchoka maishani.

"Nimemeza," alinong'ona. "Nilinunua Kutus."

Daktari aliurudisha mkono nyuma, akaita muuguzi waanze matibabu mengine. Hakucheka wala hakushangaa.

Hali ilipotulia, alivuta kiti. "Mzee, kisukari kinaweza kuleta hali hii, na vidonge vyako vya presha huenda vinachangia. Hivyo tutavibadilisha. Dawa ya Kutus si sumu, ila si ya kila mtu, na kwa moyo wako si yako. Ungeniambia mapema, ningekusaidia mapema."

Daktari alipotoka, Wachuka aliketi pale kitini.

"Miaka miwili, Baba Ngatia," alisema kwa sauti iliyochoka, "nimekuwa nikijiuliza nilikukosea nini. Hata nilidhani una mwanamke huko Kutus."

"Sikuwa na mtu. Nilikuwa na haya."

Wachuka alijifuta macho kwa ncha ya leso. Baadaye akasema, "Kliniki ijayo tunaenda wawili."

Walikwenda wawili. Vidonge vilibadilishwa, na Kahiga akaanza kuitunza sukari yake. Nguvu zilirudi polepole, si zote, lakini usiku walizungumza kama zamani, na hakumgeuzia tena mgongo. Yote hayo yangewezekana tangu siku ya kwanza alipoulizwa, kama angefungua kinywa. Hakika, mficha uchi hazai.